Njia ya Kwenda Aberystwyth

Guangzhou, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Jovitus,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungepokea simu, kwa hiyo nimeitikia mwenyewe. Ujumbe ninaokutumia naona umesomwa, jibu silioni, basi leo nimenunua karatasi na bahasha. Karatasi haitaniambia kama umeisoma au hukuisoma, na pengine hivyo ni nafuu kwetu sote wawili.

Mimi mzima. Nyumbani Kamachumu Mama anaendelea, ila miguu inamvimba jioni na hataki kusikia habari ya hospitali. Kaka Kasmir amemwezekea jiko upya. Kila Jumapili Mama ananiuliza kama umempigia, nami kila Jumapili namjibu kwamba kazi zimekubana. Huku Wachina ndio wanarudi kutoka sikukuu yao ya mwaka mpya. Maduka ya Barabara ya Zhanqian yamefunguliwa nusu nusu. Mteja wangu wa Mwanza anataka suruali za watoto, na laobani wangu, bosi wa kiwanda, bado yuko kwao kijijini. Nikimwandikia ananijibu neno moja tu, mei you, hakuna.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Nataka kuja Wales mwezi wa tisa.

Unalikumbuka begi la Kissa mlilolituma nyumbani pamoja na mwili? Nililifungua Krismasi hii kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima na zaidi lilikuwa chini ya kitanda cha Mama, nami sikuweza. Ndani kuna daftari la chuo, na kurasa za mwisho mwanangu ameandika: Safari ya Mama, siku nne. Siku ya kwanza kutoka kwako Newport hadi Abergavenny na Brecon, kulala Brecon. Siku ya pili Builth Wells, halafu Rhayader, kuona mabwawa kule milimani. Siku ya tatu Aberystwyth, chuo chake na bahari. Siku ya nne Machynlleth na Dolgellau, halafu kurudi. Amechora hata vilima pembeni. Sikuwahi kumwambia kwamba nitakuja. Alikuwa anapanga tu.

Naomba unipangie safari hiyo hiyo, miji ile ile, kwa utaratibu ule ule. Unaijua njia, mimi siijui, na Kiingereza changu unakifahamu.

Jambo la pili ni yule mzee, jirani yako, aliyempa Kissa lifti siku ile. Nataka nimwone. Sina ubaya naye. Uliniambia alipona na kwamba anajilaumu sana. Nataka nikae naye hata robo saa.

Dada yako,
Getrude


Newport, 16 Machi 2025

Dada Getrude,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili mezani, nisamehe. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana nalala, simu naizima. Kuna bibi mmoja pale ananiita kwa jina la mwanawe, nami siku hizi naitika tu. Baridi bado ipo. Pole kwa miguu ya Mama. Mwambie aiweke juu ya mto akilala.

Kuhusu safari, nimefikiri hivi. Kutoka Newport hadi Abergavenny si mbali, na hapo milima inaanza. Mama angependa kuona mlima mmoja umekaa peke yake nyuma ya mji. Brecon kuna nyumba za kulala wageni karibu na mto, si ghali. Kutoka hapo hadi Builth Wells ni mashamba na kondoo, kondoo kila upande, halafu unafuata mto hadi Rhayader. Rhayader ni mji mdogo wenye saa kubwa katikati ya njia panda. Ukikata kushoto unakwenda kwenye mabwawa. Ukinyoosha unakwenda Llangurig, na kutoka hapo barabara inapanda, hakuna nyumba, ni nyasi na mawe tu, hadi inaposhuka kuelekea Aberystwyth. Sehemu hiyo ya mwisho sikushauri. Mvua ni nyingi, ukungu unashuka hata mwezi wa tisa. Unaweza kuishia kwenye mabwawa na bado ukawa umeona Wales.

Gari sina tena, niliuza. Tutatumia mabasi, ila baadhi ya sehemu basi linapita mara chache kwa siku.

Yule mzee hali yake si nzuri. Watoto wake hawapendi aonane na watu.

Nisalimie Kasmir.

Mdogo wako,
Jovitus


Guangzhou, 21 Aprili 2025

Jovitus,

Pasaka njema. Jana nilisali Kanisa la Mawe, kanisa kuu la huku, lilijaa hadi nje. Huku ni msimu wa maonyesho ya biashara, hoteli zote za Liuhua zimejaa wageni wetu, na mimi natembea nao duka kwa duka hadi soli za viatu zinalia. Kontena la mteja wa Mwanza lilitoka bandari ya Nansha juzi. Mama amekubali kwenda hospitali baada ya Kasmir kumbeba karibu kwa nguvu. Ni moyo, wanasema. Wamempa dawa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Unaniambia niishie kwenye mabwawa. Jovitus, mwanangu alikuwa anakwenda Aberystwyth. Mimi siji kuona kondoo.

Na kuna kitu hukukiandika. Mahali penyewe ni wapi? Ni baada ya mji upi, upande gani wa barabara? Mwaka mmoja na nusu umepita na hakuna aliyewahi kunitajia. Nataka basi lisimame hapo au dereva apunguze mwendo, niangalie.

Nakuuliza pia jina la mzee. Mara tatu nimemwombea misa. Padre ananiuliza ni kwa ajili ya nani, namjibu ni dereva. Dereva gani? Sijui. Naona aibu kumwombea mtu nisiyejua anaitwaje. Kama watoto wake hawataki nimwone, angalau nipe jina.

Ngoja nikwambie la moyoni ili usidhani nakuficha. Nilikulaumu. Siku ile ulisema umechoka, ukamwachia mtu baki mtoto wa dada yako. Mwaka mzima nililala na neno hilo kifuani. Sasa nimelitua. Ungempeleka wewe, pengine mngekufa wote wawili, na Mama angezika watu wawili kwa siku moja.

Mwezi wa sita naanza fomu za visa. Kuna dada wa Kenya hapa, Mildred, anawasaidia watu kuzijaza. Nitumie barua ya mwaliko.

Getrude


Newport, 1 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Nafurahi Mama ameanza dawa. Barua ya mwaliko nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Samahani kwa habari hii. Yule mzee amefariki mwezi uliopita. Mazishi yalikuwa ya familia tu. Kwa hiyo lile la kuonana naye halipo tena, tumwache apumzike.

Nafikiri pia mwezi wa tisa hautafaa. Kazini kuna mabadiliko na sijui nitakuwa wapi. Tuseme mwakani, wakati wa majira ya joto, siku ni ndefu na barabara ni kavu. Mwezi wa sita milima inakuwa ya kijani mpaka unaona kama imepakwa rangi. Kissa aliniambia inamkumbusha Kamachumu, ila migomba hakuna.

Mahali penyewe sipajui vizuri.

Jovitus


Guangzhou, 22 Juni 2025

Jovitus,

Mama ni mzima. Kasmir ni mzima. Joto la huku limeanza na mvua haikatiki. Salamu zimekwisha.

Alhamisi nilikwenda kwa Mildred na faili langu. Ana kichumba kwenye ghorofa ya tano, juu ya maduka ya viatu. Nilikuwa nimebeba kila karatasi yenye jina la Kissa, kwa sababu alisema ubalozini wanataka kujua sababu ya safari. Ndani yake kulikuwa na ile barua ya polisi wa huko, iliyofika mwezi wa pili mwaka jana. Unaikumbuka. Niliipiga picha nikakutumia, nikakuomba unisomee. Ukaniambia ni rambirambi, polisi wanatupa pole na shauri limefungwa, niiweke tu. Nikaiweka. Niliilaminisha, Jovitus. Niliitunza kama picha ya harusi.

Mildred alianza kuisoma kimya. Halafu akainuka akafunga mlango.

"Mama Kissa," akasema, "Jovitus ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Alikuwa na gari?"

"Alikuwa nalo. Aliliuza."

Nikamwuliza kimeandikwa nini. Akasema, "Hebu wacha niisome tena, labda ni Kiingereza changu." Akaisoma tena, kidole kikifuata mstari. Halafu akaniambia pole pole, kama anavyoambiwa mtoto, kwamba barua inasema ndani ya gari walikuwa watu wawili tu. Kissa, na mjomba wake. Mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha. Gari limechukuliwa na polisi na mjomba anachunguzwa. Inasema mimi, mama mzazi, nina haki ya kuambiwa kila hatua, na wameweka namba ya simu ya askari wa kike nimpigie wakati wowote.

Nilimwomba aisome mara ya tatu. Alikataa. Akanishika mkono.

Kwa hiyo mzee hakuwapo. Mzee niliyemwombea misa, mzee anayejilaumu, mzee mwenye watoto wakali, mzee uliyemzika mwezi wa tano kwa sababu nilitaka jina lake. Na bega ulilosema umelivunja kwenye ngazi za kazini, lile lililokuzuia kuja kuzika, nalo sasa nalielewa.

Fomu ya visa bado ipo mezani kwa Mildred. Sijaitia sahihi wala sijaichana. Ile namba ya askari ninayo, lakini sijapiga. Kwanza nataka kusikia kutoka kwako. Usinipigie simu, kwa simu utalia na mimi nitakuonea huruma. Andika.

Getrude


Newport, 13 Julai 2025

Dada Getrude,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara sita. Naandika ilivyokuwa.

Ijumaa na Jumamosi nilikesha kazini. Jumapili asubuhi, tarehe 19 Novemba, nilirudi saa mbili, nikalala kama saa moja na nusu. Kissa alikuwa kwangu tangu Alhamisi na alitakiwa awe chuoni Jumatatu. Niliamua mwenyewe kumpeleka. Tuliondoka saa sita mchana. Nilikuwa na zamu nyingine saa tatu usiku, kwa hiyo niliendesha kwa haraka.

Njiani alizungumza sana. Alisema akimaliza chuo atakuleta. Tulipofika Rhayader akasema, "Mjomba, tusimame tunywe chai, macho yako mekundu." Nikamwambia hatuna muda. Tulipopita mji akasema tena, "Basi simama pembeni ulale dakika kumi, mimi nitakuamsha." Nikacheka. Nikamwambia, tangu lini mtoto akamfundisha mjomba kuendesha. Hapo akawasha redio kwa sauti kubwa ili nisisinzie.

Mahali penyewe napajua, dada. Ni baada ya Llangurig, barabara ikiisha kupanda, upande wa kushoto, kuna ukuta wa mawe makavu. Sikuuona ukuta. Nilisikia kishindo ndipo nikaamka.

Hakufa palepale. Aliishi kama dakika arobaini, na gari la wagonjwa lilikuja kutoka mbali. Upande wake ndio uliogonga. Nilikuwa nimemshika kichwa kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa hauinuki. Hakulia. Aliniuliza, "Mjomba, umeumia?" Nikasema hapana. Aliniuliza mara ya pili, kama hakusikia jibu. Baada ya hapo hakusema tena.

Ulipopiga jioni ile kuuliza kama amefika, nilikuwa hospitali. Mdomo wangu ndio uliosema mzee jirani. Sikuwa nimepanga. Ulipokata simu nikawa tayari na mzee, na kila ulipouliza nikamwongezea kitu. Nilipomwua mzee huyo nilijua nimefika mwisho, lakini nikaendelea.

Mwezi wa nne nilisimama mahakamani nikakiri. Hukumu ni Ijumaa, tarehe 12 Septemba. Wakili anasema ni kifungo, na baada ya kifungo huenda nikarudishwa nyumbani. Ndiyo maana nilitaka usije mwezi wa tisa. Nilifikiri nitaingia jela, nitatoka, na hamtajua.

Leseni walinichukua. Siwezi kukuendesha hata kama ungetaka.

Sikuombi chochote. Mama usimwambie, kwa ajili ya moyo wake.

Jovitus


Guangzhou, 8 Agosti 2025

Jovitus,

Mama anakusalimu. Anamaliza mwezi wa nne wa dawa na uvimbe umepungua.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Nilimpa mtu wa dukani funguo, nikakaa na mwanangu siku mbili. Namshukuru Mungu kwa hizo dakika arobaini na pia siwezi kumshukuru. Nimejua alisema nini mwisho. Mama mwingine huenda asingetaka kujua. Mimi nilitaka.

Lakini umenidanganya tena, na hili ndilo linalonifanya nishike kalamu. Umeandika kwamba uliamua mwenyewe kumpeleka.

Jovitus, mimi nilikupigia. Ilikuwa asubuhi kwako, huku jua linakaribia kuzama, nilikuwa nimesimama mbele ya duka na mizigo miguuni. Kissa alikuwa ameniambia atachukua treni, abadilishe mara moja, afike usiku. Nilikasirika. Nikakupigia wewe uliyelala. Ulisema, "Dada, nimekesha siku mbili, siwezi." Nami nikakwambia, "Utalala kesho. Huyo ni mwanao pia, mpeleke mtoto." Ukasema tena huwezi, nikakukatia simu.

Baadaye uliponiambia amekwenda na mzee, nilishika hilo kwa mikono miwili. Nilikasirika kwamba hukunitii, na hasira hiyo ilinisaidia sana. Kama hukunitii, basi neno langu halikumfikisha kwenye ule ukuta. Umekaa na jambo hilo mwaka na miezi minane. Umeliacha nje ya barua hata pale ulipokuwa unakiri mengine yote. Sijui kama ni upendo au ni woga. Ila sitaki unifunike. Wewe ulisinzia, ukakataa kusimama mtoto alipokuomba, halafu ukanidanganya mbele ya kaburi lake. Hayo ni yako. Lile la kukuamsha usingizini ni langu.

Nilitia sahihi fomu siku uliyokuwa unaandika barua yako, kabla haijafika. Visa imetoka. Nafika Jumapili, tarehe 7 Septemba. Jumatatu asubuhi tunaondoka Newport, tunalala Brecon, Rhayader, Aberystwyth. Dolgellau tumwachie Kissa. Alhamisi jioni tunarudi, na Ijumaa nitakuwa mahakamani. Yule askari wa kike nimeshazungumza naye, Mildred akitafsiri. Alinieleza kwamba mama ana nafasi ya kuandika neno lake likasomwa mbele ya hakimu. Nimeliandika. Hutaliona kabla ya Ijumaa, usiniulize njiani. Limo la kwako na limo la kwangu.

Nimemwajiri dereva mwanamke, askari ndiye aliyenitafutia. Wewe utakaa nyuma na mimi. Rhayader tutakunywa chai, sitaki kusikia habari ya muda. Baada ya Llangurig utamwambia dereva asimame, kwa sababu wewe ndiye unayepajua. Mimi nitashuka. Wewe utaamua mwenyewe kama utashuka.

Kuhusu Mama, sikubali. Ukifungwa atauliza kila Jumapili na mimi sina mzee mwingine wa kumtungia. Nimemwambia Kasmir awe nyumbani Jumamosi tarehe 6, na dawa ziwe karibu. Utampigia wewe, kwa sauti yako, kabla sijapanda ndege. Nitapiga baada yako.

Sijui nitajisikiaje nikikuona uwanjani. Nimejaribu kufikiri na uso wako unanijia ukiwa na miaka saba. Simama mahali nitakapokuona, usinikimbilie, usinipokee begi. Nipe muda nikufikie.

Getrude, mama yake Kissa